Dadaab: Mgeni wa Miaka Thelathini Aliyenyimwa Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaitaja kwa mzaha mgeni anapokaa nyumbani wiki nzima bila kuinua hata ndoo ya maji, lakini ndani yake mna haki ya pande mbili. Mgeni apewe kazi ili asidharaulike, na mwenyeji asiachiwe mzigo peke yake. Kule Dadaab, Kaunti ya Garissa, mgeni alibisha hodi mwaka 1991. Leo wajukuu zake wanazaliwa kambini, na habari ya jembe ndiyo kwanza inazungumzwa.

Serikali sasa ina mpango uitwao Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kawaida ambapo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule, hospitali na soko moja. Rais William Ruto aliuzindua rasmi tarehe 28 Machi 2025. Huku kwetu Pwani habari hiyo ilipita kama habari ya watu wa mbali, na si ya mbali hata kidogo. Garissa inapakana na Lamu na Tana River, na kambi za wakimbizi ziliwahi kuwa hapa hapa kwetu kabla ya kuhamishiwa huko. Kwa hiyo ni vyema tuelewe zilifikaje Garissa, mwenyeji wa huko amepata nini na amepoteza nini, na maswali gani yanafaa kujibiwa kabla mpango mpya haujaota mizizi.

Kambi zilizokuwa kwetu

Wenye umri wa miaka arobaini na kitu watakumbuka. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu mwezi Januari 1991, watu walikimbia kwa miguu, kwa magari na kwa majahazi. Waliokuja kwa bahari walishukia mwambao wetu, na miongoni mwao walikuwa ndugu zetu kabisa: Wabajuni wa Kismayu na visiwani, na Wabarawa wenye Chimwiini chao, ambacho ni tawi la lugha yetu wenyewe. Kambi zikafunguliwa Utange, Jomvu, Hatimy na Swaleh Nguru upande wa Mombasa, na Marafa upande wa Malindi. Jomvu ilijulikana kwa Wabajuni, Hatimy kwa Wabarawa.

Kambi hizo hazikudumu. Mji ulikuwa karibu, mkimbizi alifanya biashara na kuchanganyika na watu, na wapo waliolalamika. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zote zilikuwa zimefungwa. Baadhi ya wakimbizi walirudi kwao, wengine walichukuliwa na nchi za ng'ambo, wengine wakatulia mitaani kwa jamaa zao bila karatasi. Waliobaki mikononi mwa serikali walipelekwa Kakuma, Turkana, na Dadaab, Garissa.

Serikali iliamua mkimbizi awekwe mbali na miji, mbali na watalii, mahali ambapo kelele zake hazitasikika. Mbali huko, hata hivyo, palikuwa na wenyewe.

Kwa nini Garissa

Ukitoka Mombasa kwa basi unapita Malindi, Garsen na Hola, kisha unafika Garissa mjini ng'ambo ya Mto Tana. Kutoka hapo ni kama kilomita 100 nyingine kuelekea mpaka wa Somalia ndipo unafika Dadaab. Kabla ya 1991 huu ulikuwa mji mdogo wa wafugaji. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka huo, Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zote tatu zilipangiwa watu 90,000.

Kuna jambo la kihistoria hapa ambalo halitajwi mara nyingi. Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960. Chini ya sheria hizo ndipo yalipotokea mauaji ya Garissa mwaka 1980 na ya Wagalla, Wajir, mwezi Februari 1984. Sheria hizo ziliondolewa mwaka 1991. Maana yake, mwaka ule ule ambao mwenyeji wa Garissa alianza kuhesabiwa kuwa raia kama Wakenya wengine, ndio mwaka aliokabidhiwa kambi ya wakimbizi. Hakuwa katika hali ya kuulizwa, na hakuwa katika hali ya kukataa. Alimpokea mgeni kwa udugu wa dini, lugha na damu, kwa kuwa wengi walikuwa watu wa ukoo mmoja waliotenganishwa na mpaka wa mkoloni.

Mwaka 2011 ukame na njaa vilipoikumba Somalia, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wakiingia Dadaab kwa siku moja. Idadi ikapanda hadi zaidi ya 460,000. Kwa kipimo chetu, hiyo ni sawa na watu wote wa Kaunti ya Lamu na Kaunti ya Tana River kwa pamoja, kwa hesabu ya sensa ya 2019, wakiwekwa mahali palipopangiwa watu 90,000. Kambi za Ifo 2 na Kambioos ziliongezwa mwaka huo. Idadi ilishuka baadaye, kambi hizo mbili zikafungwa, kisha ukame mwingine ukaijaza tena Dadaab na Ifo 2 ikafunguliwa upya. Kufikia 2025 Dadaab ilikuwa na watu zaidi ya 400,000 tena.

Mwomba hifadhi na mkimbizi

Maneno haya mawili huchanganywa. Mwomba hifadhi ni mtu aliyefika na kuomba ulinzi, na ombi lake bado halijaamuliwa. Mkimbizi ni yule ambaye ombi lake limekubaliwa. Kwa maisha ya kila siku tofauti haikuwa kubwa, kwa sababu wote wawili walitakiwa kuishi kambini. Kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali cha safari. Kibali cha kazi kilikuwepo kwenye sheria, ila waliokipata walikuwa wachache mno. Mwalimu au muuguzi mkimbizi aliyefanya kazi kambini alilipwa posho ndogo, si mshahara, hata kama kazi yake ilikuwa sawa na ya Mkenya aliyekaa meza ya pili.

Hapo ndipo jembe lilipozuiwa. Mtu aliyekuwa dereva, fundi cherehani au mkulima wa ndizi kando ya Mto Juba aliambiwa akae asubiri mgao. Wengine hawakungoja sheria, wakafungua vioski na maduka ndani ya kambi. Soko la Hagadera likakua hata likaupita mji wa Dadaab wenyewe.

Mwenyeji amepata nini

Tusidanganyane, mwenyeji amepata. Utafiti uliofanywa mwaka 2010 kwa niaba ya serikali za Kenya, Denmark na Norway ulikadiria kwamba kambi ziliwaingizia wenyeji faida ya karibu dola milioni 14 kwa mwaka. Kati ya hizo, dola milioni 3 hivi zilitokana na mifugo na maziwa yaliyouzwa kambini. Mama anayekamua ngamia wake alfajiri alipata mnunuzi karibu, badala ya kungoja lori la Garissa. Bei ya vyakula vya msingi Dadaab ilikuwa chini kwa angalau asilimia 20 ikilinganishwa na miji mingine ya ukanda huo mkavu, kwa sababu sehemu ya mgao wa wakimbizi iliishia sokoni.

Visima vilichimbwa. Hospitali za kambini, Dagahaley, Hagadera na Ifo, hutibu wenyeji pia. Ndiyo maana watu walivutwa. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba wenyeji walioishi ndani ya kilomita 50 kutoka kambini walikuwa kama 15,000 mwaka 1989, na miaka ishirini baadaye walikuwa wamefika angalau 148,000. Mtu hahamii penye hasara tupu.

Amepoteza nini

Hasara ya kwanza ni miti. Familia moja inahitaji kuni kila siku, na familia elfu themanini zikikata kuni kwa miaka thelathini, mwitu unakuwa jangwa. Wanawake wa kambini walilazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka, na huko porini wengi walivamiwa na kubakwa. Mfugaji naye akaona miti aliyoitegemea kulisha mbuzi na ngamia wakati wa kiangazi ikiondoka kwa mikokoteni ya punda. Ugomvi wa kuni umekuwa chanzo cha uhasama wa kila siku kati ya mgeni na mwenyeji kuliko siasa yoyote.

Ya pili ni malisho na maji. Maji ya kambi yanatoka chini ya ardhi, kwenye hifadhi ya Merti, ambayo pia inategemewa na wafugaji wa Garissa, Wajir na Isiolo. Penye kisima pana mifugo, na mifugo ikikusanyika mahali pamoja mwaka mzima nyasi hazipati nafasi ya kuota. Ule utaratibu wa zamani wa kuhama na mvua ukavurugika.

Ya tatu inawauma wenyeji kuliko zote, nayo ni kitambulisho. Ukame ulipouma, familia za Kenya zenye njaa zilikwenda kambini zikajiandikisha kama wakimbizi ili zipate unga na mafuta, au watoto wao waingie shule. Mtoto akawekwa alama za vidole. Alipofika miaka 18 akaenda kuomba kipande, mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Bila kipande hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna chuo, hakuna kazi, hakuna kura. Makumi ya maelfu ya Wakenya wamenaswa katika mtego huu, na Haki na Sheria, asasi ya kiraia ya Garissa, imepambana nao kwa miaka mingi.

Sisi wa Pwani tunajua maana ya kuulizwa cheti cha babu ili upewe kipande. Mwezi Februari 2025 rais alitia saini tamko huko Wajir la kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Ni hatua njema. Lakini msasa ni jambo moja, na jina lililomo kwenye orodha ya wakimbizi ni jambo lingine. Kuondoa msasa hakumwokoi kijana ambaye alama zake za vidole bado zinasema ni mkimbizi.

Lawama ya usalama

Haiwezekani kuizungumza Garissa bila kutaja tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148, wengi wao wanafunzi, walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye serikali iliipa UNHCR miezi mitatu iondoe wakimbizi Dadaab. Mwaka 2016 ikatangaza tena kuifunga kambi. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alibatilisha uamuzi huo, akisema ni adhabu ya jumla kwa watu wa kundi moja na unakiuka Katiba. Mwaka 2021 serikali ikatoa makataa mengine, mahakama ikayasimamisha.

Hofu ya watu haikuwa ya bure. Wafanyakazi wa misaada walitekwa Dadaab mwaka 2011, mwaka ule ule watalii walipotekwa Kiwayu na Manda, na sisi tunajua utekaji ule uliivuruga vipi Lamu. Lakini mmoja wa washambulizi wa chuo kile alikuwa Mkenya, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Adui hakuwa amebeba kadi ya mgao. Aliyeumia kwa vitisho vya kufunga kambi ni mkimbizi, na pamoja naye mwenyeji. Nani atajenga duka la mawe, au kuchimba kisima kwa mkopo, mahali ambapo kila baada ya miaka miwili serikali inasema patafungwa?

Mgao ukipungua, wote wanasikia

Mwaka 2025 misaada ya kimataifa ilikatwa, hasa ile ya Marekani. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likatangaza kwamba mgao wa wakimbizi Kenya utashuka hadi asilimia 28 ya kiwango kinachohitajika. Hicho ni chini ya theluthi ya sahani. Baadaye likaanza kuwagawa watu kwa mafungu kulingana na uhitaji, wengine wapate zaidi, wengine wasipate kitu.

Hapa ndipo faida na hasara za mwenyeji zinapoonekana kuwa kamba moja. Mkimbizi asiyepata mgao hanunui maziwa. Mwenye duka aliyemkopesha halipwi. Unga uliokuwa ukishusha bei sokoni haupo tena. Na mtu mwenye njaa hukata mti mwingine auze makaa. Uchumi uliojengwa juu ya msaada huanguka siku msaada unapoanguka, na humwangukia mwenyeji na mgeni bila kubagua.

Je, jembe limefika?

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ilifungua mlango. Inatambua haki ya mkimbizi kushiriki katika uchumi wa eneo analoishi na kufanya kazi akiwa na karatasi zinazotakiwa. Mpango wa Shirika umejengwa juu ya sheria hiyo. Kule Turkana makazi ya Kalobeyei yalianza mwaka 2016 kwa fikra hiyo hiyo. Garissa nayo ikatengeneza mpango wake wa maendeleo wa 2023 hadi 2027 unaowajumuisha wakimbizi na wenyeji.

Jirani zetu walitangulia. Uganda kwa miaka mingi humpa mkimbizi kipande cha ardhi akalime. Tanzania iliwapokea Wazigua waliokimbia Somalia, watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwa kutoka Tanga. Iliwaweka Chogo, wilayani Handeni, ikawagawia mashamba, na wengi wakapewa uraia. Leo hakuna anayezungumza juu ya mzigo wa Chogo, maana wamekuwa wanakijiji.

Lakini Garissa si Handeni. Hakuna mvua ya kutosha kulima, na watu ni wengi mno. Kwa hiyo kabla ya kushangilia, kuna maswali matatu ambayo mwenyeji wa Garissa ana haki ya kujibiwa.

La kwanza ni ardhi. Ardhi ya Dadaab na Fafi ni ya jamii, si ya serikali kuu wala ya shirika lolote. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii isajiliwe na imilikishwe, lakini kaskazini sehemu kubwa ya ardhi hiyo bado haijasajiliwa. Kambi ikigeuka mji, kiwanja kitakuwa na bei. Nani atatia saini, na nani atapokea kodi? Watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa kinachotokea mji unapojengwa juu ya ardhi ambayo mwenyewe hana hati. Ardhi isajiliwe kwanza, mji ufuate.

La pili ni bajeti. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, afya imekuwa kazi ya kaunti. Hadi sasa zahanati za kambini zimeendeshwa kwa fedha za wafadhili. Zikikabidhiwa kaunti, nani atalipa dawa na mishahara? Serikali kuu isipoandika fungu maalumu kwa Garissa na Turkana, mama wa Balambala au Ijara ataambiwa dawa zimekwisha kwa sababu ya mji ambao hajawahi kuufika. Hapo chuki itazaliwa pale ambapo haikuwepo.

La tatu ni kitambulisho. Huwezi kumwambia kijana wa Dadaab kwamba mkimbizi sasa atafanya biashara kwa karatasi zake, wakati yeye, Mkenya, hana karatasi yoyote kwa sababu mama yake aliwahi kupanga foleni ya unga. Waliosajiliwa mara mbili wafutwe kwenye orodha ya wakimbizi na wapewe vipande vyao kabla ya awamu nyingine kuanza. Hili halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji ofisi kuamua.

Wapo watakaosema afadhali wote warudi kwao. Tangu makubaliano ya mwaka 2013 kati ya Kenya, Somalia na UNHCR, makumi ya maelfu wamerudi kwa hiari, na wengine wakarejea tena Dadaab baada ya kukuta vita na ukame. Mtu aliyezaliwa Ifo mwaka 1995 hana kwao kwingine anakokujua. Kumfukuza kumejaribiwa na mahakama imekataa. Kumfungia kambini kumejaribiwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na matokeo yake ndiyo haya.

Basi sisi huku tufanye nini? Wabunge na maseneta wetu wa Lamu, Tana River, Kilifi na Mombasa watapiga kura juu ya fedha na sheria zitakazousimamia mpango huu. Wakija kuomba kura, waulizwe msimamo wao kuhusu ardhi ya jamii, fungu la kaunti zinazopokea wakimbizi, na vipande vya waliosajiliwa mara mbili. Tuna haki ya kuuliza, kwa sababu watu waliotolewa Utange na Jomvu hawakutoweka. Walipelekwa kwa jirani, na jirani huyo amebeba kwa niaba yetu sote.